Faulo ya Tano

Saa mbili na robo asubuhi ya Ijumaa, Inspekta Elisifa Lema alikuwa na mahabusu mmoja, karatasi moja, na saa tano kasorobo za kujua kama kweli viwili hivyo vinahusiana. Saa saba mchana gari lingempeleka mahabusu mahakamani kusomewa shitaka la mauaji, na shitaka la mauaji halina dhamana. Ukishaingia huko, hata kama mikono yako ni safi, utahesabu miaka ukisubiri mtu alikumbuke faili lako. Elisifa alikwisha kuwaona wengi wa namna hiyo. Hakutaka kumwona mwingine.

Afande Jackson, mkuu wake wa upelelezi, yeye alishamaliza kufikiri tangu jana.

"Inspekta, unatafuta nini tena? Mwanamke ana sababu, ana mundu, ameonekana njiani. Ulitaka akuletee na barua ya kukiri?"

"Nataka kujua hii karatasi ilifikaje mjini, afande. Kama Hilaria alimuua mzee ili aifiche, mbona siku ya pili imeonekana?"

"Mzee aliituma kabla hajafa. Basi."

"Aliituma na nani? Mkono wa kulia umevunjika, una plasta, simu yake haina salio, na bahasha imepitishwa chini ya mlango alfajiri wakati yeye ameshakuwa maiti."

Jackson akaitazama saa ya ukutani. "Saa saba. Ukiniletea mtu mwingine hapa, awe amesimama kwa miguu yake mwenyewe, tutaongea. Usiniletee maswali."

Maiti ilikuwa ya mzee Sirili Mallya, miaka sabini na tisa, wa Uru. Alikutwa alfajiri ya Jumatano kando ya mfongo, ule mfereji wa maji unaopita chini ya kahawa zake, kisogo kimepasukia kwenye jiwe. Daktari aliandika kwamba mzee aliishi kama saa mbili baada ya kuanguka. Nyumbani kwake sanduku la bati lilikuwa limevunjwa kufuli. Humo ndimo alimotunza karatasi za mechi za ligi ya taifa ya wanawake ya mpira wa kikapu, kwa maana Sirili ndiye aliyekuwa karani wa meza, mwandika pointi na faulo, tangu ligi ilipoanza. Asubuhi ileile, kamati inayoandika kitabu cha historia ya ligi hiyo ikaokota bahasha mlangoni pake. Ndani mlikuwa na karatasi ya fainali ya mwaka tisini na nane, fomu ya zamani iliyogeuka manjano pembeni, saini ya Sirili chini. Mstari wa mchezaji namba tisa, H. Mmasi, ulisema faulo tano.

Kwa asiyejua mchezo: ukifikisha faulo tano unatoka, hubaki hata kwa dawa.

Ligi ile ilianza mwaka tisini na sita ikiwa na timu sita, zote za makampuni. Siku hizo msichana aliyejua kudunda mpira alipewa ajira kiwandani ili aichezee timu. Asubuhi unakunja mablanketi, jioni uko kiwanjani. Moshi ilikuwa na Blanketi Queens. Mwaka tisini na nane Blanketi Queens waliingia fainali, wakashinda kwa pointi mbili, nyumbani, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Siku nne baadaye uamuzi ukasomwa redioni. Ushindi umefutwa, kwa kuwa nahodha Hilaria Mmasi alifikisha faulo ya tano, meza ikasahau kunyanyua kibao cha faulo, na yeye akijua hesabu yake akanyamaza akaendelea kucheza. Kombe likaenda Dar. Hilaria akafungiwa maisha. Uongozi wa kiwanda ukaona aibu, au ukapata kisingizio, nani ajuaye. Timu ikavunjwa, na wasichana kumi na wawili wakarudishwa makwao na mablanketi mawili mawili kama asante. Kumi na mmoja hawajamsamehe wa kumi na mbili mpaka leo.

Na kesho, Jumamosi, kamati ilikuwa imwite mzee Sirili mbele ya watu na kumvisha nishani.

Elisifa akashuka mahabusu. Hilaria alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umenyooka, magoti marefu yamempanda mpaka kidevuni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, anafuga ng'ombe wawili na kuuza maziwa.

"Mwaka jana ulimwambia mzee Sirili, mbele za watu, kwamba wewe ndiye utakayemzika."

"Nilisema. Na ningemzika kweli, ni jirani yangu. Ulitaka azikwe na nani, watu wa Dar?"

"Jumanne jioni umeonekana njia ya kwake na mundu."

"Natoka kukata majani ya ng'ombe, nibebe nini, kalamu?" Akageuza uso. "Jumapili baada ya misa mzee alinifuata. Miaka ishirini na saba hajanifuata. Akaniambia, Jumanne kaa nyumbani, nitakuletea kitu chako. Nikakaa. Saa kumi kimya. Saa kumi na moja na nusu nikasema huyu mzee ananichezea, ngoja nikamtazame. Nikafika kwenye mgomba wa pembeni, moyo ukakataa. Nikarudi. Ningeshuka hatua ishirini tu, ningemkuta."

"Kitu gani hicho alichotaka kukuletea?"

"Mimi nina kitu kimoja tu kwa Sirili, afande. Faulo zangu. Nilikuwa na nne. Nilizihesabu mwenyewe uwanjani, kila moja najua nilimgonga nani na wapi."

"Karatasi inasema tano."

"Basi karatasi imesema uongo. Si ya kwanza."

Elisifa akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Yeye mpira wa kikapu aliujua kwa kupita tu kiwanjani. Alihitaji mtu wa kumsomea.

Mtu huyo alipatikana mtaa wa Majengo, kwenye chumba cha ushonaji kilichobanwa kati ya duka la vitabu vya dini na fundi viatu. Mama Esther alikuwa refa wa kike wa kwanza mkoani, na sasa anashona sare za shule. Alikuwa na sindano tatu mdomoni Elisifa alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni sare, nimejaa mpaka mwezi ujao."

"Ni fainali ya tisini na nane, mama. Ulikuwepo?"

Esther akazitoa sindano moja moja. "Nilikuwepo, nimekaa na watazamaji. Kuchezesha fainali? Thubutu! Sisi wanawake tulipewa mechi za makundi, saa saba za jua. Fainali ikifika wanatokea wanaume na filimbi mpya. Lete hiyo."

Akavaa miwani, akaiinamia karatasi bila kuitoa kwenye mfuko. Alianza kusoma na kidole, kutoka juu kushuka, kwenye safu ya pointi zinazopanda moja moja. Halafu kidole kikasimama. Kikarudi juu. Kikashuka tena.

"We mwana wa nani?"

"Wa Lema, Mwika."

"Hesabu rangi za wino hapa, mwana wa Lema."

"Nyekundu. Bluu. Nyekundu tena. Bluu."

"Ngapi hizo?"

"Nne."

"Mwaka tisini na nane mechi ilikuwa na vipindi vingapi?"

"Sijui, mama. Vinne?"

"Viwili! Dakika ishirini, mapumziko, dakika ishirini, kwaheri. Hizi robo nne zenu zimekuja baada ya mwaka elfu mbili. Karani alikuwa na kalamu mbili mezani, nyekundu kipindi cha kwanza, bluu kipindi cha pili. Anabadilisha mara moja. Sirili asingebadilisha kalamu mara tatu hata angekuwa amelewa, na mbege yenyewe alikuwa hanywi."

Elisifa akainama. "Lakini huku chini, kwenye jumla, kumeandikwa vipindi viwili tu."

"Kwa sababu fomu ni ya zamani, ina visanduku viwili. Pale chini mtu amejaza kwa akili. Huku juu ameandika kwa mkono, na mkono una mazoea yake. Umefika pale robo inapoisha, ukachukua kalamu ya pili wenyewe."

"Kwa hiyo aliyeandika ni karani wa siku hizi."

"Tena mzuri. Tazama anavyokata pointi, mstari mdogo wa mshazari, anaanzia chini. Hiyo ni shule ya Sirili. Lakini usifurahi mapema, amefundisha watu kumi, kumi na watano. Hata hapa mjini wapo."

"Na fomu za zamani zisizoandikwa, nani anazo?"

"Nani atunze takataka hiyo? Sirili peke yake, sandukuni mwake." Esther akavua miwani, na uso wake ukawa mchungu kweli. "Unajua kitu kinachoniuma? Nimeishi na ile habari ya faulo ya tano miaka yote hii. Nikikutana na Hilaria sokoni, namsalimu kwa kidevu. Na karatasi yenyewe hatukuwahi kuiona, hata mmoja wetu. Walisema tu, tukaitikia."

Saa nne kasoro dakika kumi Elisifa alikuwa anapanda Uru, Konstebo Evelyn akiendesha. Alifungua daftari lake la Jumatano, ukurasa wa eneo la tukio. Kila kitu kilikuwepo: jiwe, sanduku, kufuli, ndala moja majini. Na mstari mmoja alioandika kwa mazoea tu, kwa kuwa amezaliwa kwenye nyumba yenye ng'ombe: *Jikoni, sufuria ya maziwa, kama lita tatu, imefunikwa kwa sahani.*

Mzee mwenye plasta mkono wa kulia. Elisifa akajitukana kimoyomoyo, tusi la Mwika.

Msibani turubai lilikuwa limeshafungwa, na wanaume walikuwa wanachimba kaburi ndani ya kihamba, kati ya migomba na kahawa, mahali walipolala wazee wa ukoo. Mazishi yalipangwa saa nane. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi kwenye majani, na mmoja wao ni Salvina, jirani, shahidi aliyemwona Hilaria na mundu. Elisifa akaomba kisu, akakaa naye, akaanza kumenya. Watu walitazama kidogo wakazoea.

"Mama Salvina, mzee alikuwa hawezi kukamua na ule mkono."

"Angekamua kwa meno? Nilikuwa namkamulia mimi, alfajiri na jioni."

"Jumanne jioni pia?"

"Jumanne nilichelewa, nilikuwa kwenye sala ya jumuiya. Nimefika hapa saa moja, nikapiga hodi, kimya. Naenda zizini, ng'ombe ameshakamuliwa, ametulia anacheua. Maziwa yamefunikwa jikoni. Nikasema haya, mzee amepata mtu, nikaenda zangu." Mkono wake ukasimama juu ya ndizi. "Na kumbe yuko pale chini, Mungu wangu. Labda bado anapumua."

"Hukuyasema haya kwenye maelezo yako."

"Mliniuliza nimemwona nani njiani. Nani aliniuliza habari za ng'ombe?"

Elisifa akalimeza hilo, kwa kuwa polisi walistahili kuambiwa hivyo. "Huyo ng'ombe anakubali mkono wowote?"

"Yule? Ng'ombe wa ndani yule, hajui dunia. Mgeni akimshika anampiga teke, ndoo inapaa. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza alinitia alama, hii hapa. Anamjua mzee, ananijua mimi, na anamjua Ste..."

Hakumaliza jina. Alichukua ndizi nyingine, akaimenya vibaya.

Stella, binti pekee wa marehemu, alikuwa chumba cha ndani, amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba. Alikuwa na miaka arobaini, mwalimu wa shule ya msingi mjini, na kwenye ligi ya wanawake ya sasa yeye ndiye karani mkuu wa meza. Jumatano ndiye aliyempeleka Elisifa kwenye jina la Hilaria, akilia. Alisema Jumanne alilala mjini.

"Pole tena, mwalimu. Sikuchoshi. Nina karatasi hii na mimi mpira siujui. Nisaidie kuisoma."

Stella akaipokea. Na hapo ikawa kama kila fundi anapoulizwa ufundi wake: uchovu ukampungua, mgongo ukakaa sawa. Alieleza majina, faulo, pointi.

"Na hizi rangi?"

"Ni za robo, afande. Robo ya kwanza na ya tatu nyekundu, ya pili na ya nne bluu, mtu akikagua asipotee. Ndivyo baba alivyonifundisha."

"Alikufundisha lini?"

"Mwaka elfu mbili na nne, nilipomaliza kidato cha sita."

"Na mwaka tisini na nane mechi ilikuwa na robo ngapi?"

Nje jembe liligonga jiwe, mwanamume mmoja akacheka, akanyamazishwa. Stella aliitazama karatasi. Kidole chake kilienda kwenye wino mwekundu wa pili, kikabaki hapo.

"Evelyn, funga mlango," Elisifa akasema. "Mwalimu Stella, sasa nakuonya. Hulazimiki kusema neno lolote. Utakalosema litaandikwa, na laweza kutumika mahakamani. Una haki ya kuwa na wakili au ndugu hapa ndani. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Sitaki ndugu."

"Nani alimkamua ng'ombe Jumanne?"

Hilo ndilo lililomvunja, wala si karatasi. Aliziba uso kwa mikono yote miwili, na aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma mahudhurio ya darasa.

"Alikuwa analia. Saa yake ilikuwa imefika. Angeendelea kulia majirani wangekuja."

"Na baba yako wapi?"

"Chini. Kwenye mfongo."

Elisifa hakumsaidia kwa neno wala kwa kitambaa. Alimwachia Evelyn aandike.

Mchana wa Jumanne baba alimpigia simu shuleni kwa salio lake la mwisho. Akamwambia, leo nampelekea Hilaria karatasi yake, na Jumamosi wakinivisha hiyo nishani nitawaambia watu wote. Stella akapanda mbio. Alimkuta mzee mezani, karatasi iko mbele yake, ile ya kweli, wino mwekundu kisha bluu, basi. Namba tisa ana faulo nne.

"Uliiona mwenyewe?"

"Nilihesabu mara tatu. Nne."

"Kwa nini alikaa nayo miaka ishirini na saba?"

"Baba alikuwa mwajiriwa wa kiwanda kilekile. Wakubwa wa ligi walikuja, wakachukua nakala zote, hawakujua kwamba amebakiza moja. Meneja akamwita. Akamwambia, ukifungua mdomo unaondoka na hao wasichana. Mwaka huo ndio nilikuwa naingia kidato cha kwanza." Akanyanyua uso. "Unataka niseme nini, afande? Walifukuzwa wasichana kumi na wawili ili mimi nisome. Huo ualimu, hiyo kalamu ninayoshika mezani, vyote. Nilimwambia, baba, umenyamaza wakati kusema kungemsaidia mtu. Sasa unasema kwa ajili ya nani? Unataka ufe msafi, mimi nibaki na uchafu?"

"Akakujibuje?"

"Alichukua karatasi akatoka. Nilimkamatia pale kwenye mfongo. Nilivuta karatasi, sikumvuta yeye. Ana mkono mmoja, akashindwa kujishika."

"Ulidhani amekufa?"

Stella akaanza kukunja upindo wa nguo yake nyeusi.

"Mwalimu, daktari ameandika saa mbili."

"Alikuwa ananitazama. Alisema, basi ipeleke wewe."

Kalamu ya Evelyn ikasimama. Elisifa akamwashiria aendelee.

"Nikapanda juu. Ng'ombe akaanza kulia. Nikamkamua. Nikaitia karatasi kwenye mafiga, ilikuwa nyembamba, haikuchukua hata dakika. Nikavunja kufuli, nikachukua fomu tupu, nikashuka mjini kwa miguu kupitia migombani. Usiku nikaijaza faulo tano na saini ya baba, mtu asiulize tena, na alfajiri nikaipitisha chini ya mlango wa kamati."

Akasaini kila ukurasa, mwandiko mzuri, wa karani. Ilikuwa saa tano na robo. Elisifa akatoka barazani akampigia Jackson.

"Binti wa marehemu amekiri, afande. Nina maelezo ya onyo, yamesainiwa. Naomba niache askari hapa, azike saa nane, kisha nimlete."

"Na saa saba nimwambie nini mwendesha mashitaka? Kwamba una karatasi nyingine? Nikimwona hapa nitaamini. La sivyo, Hilaria anapanda gari."

Simu ikakatwa. Elisifa alisimama pale barazani akitazama kaburi likichimbwa. Alijua anachokwenda kufanya, na alijua kwamba hakuna mtu wa mlima huu, wa Uru wala wa Mwika, atakayekisahau. Mtoto hatolewi msibani kabla hajamzika mzazi. Hata mwizi huachwa azike kwanza.

Walipotoka na Stella katikati yao, wachimbaji waliacha majembe. Baba yake mdogo, mzee Wenseslaus, akaja na udongo miguuni, akasimama mbele ya gari.

"Mnampeleka wapi mtoto?"

"Kituoni, baba. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Baba yake yuko njiani kutoka hospitali, yuko kwenye jeneza! Mwacheni amzike kwanza. Huko kwenu Mwika hamna baba?"

"Ninaye, baba. Lakini saa saba kuna mtu anapelekwa mahakamani kwa kosa lisilo lake."

"Nani, Hilaria?" Mzee akatema mate pembeni. "Si ndivyo alivyo huyo! Siku zote watu wanaumia kwa ajili yake."

Elisifa alitazama ule umati. Mkononi alikuwa na maelezo ambayo yangewafunga midomo wote kwa sentensi moja, na sheria haimruhusu kuisoma. Maelezo ya mtuhumiwa hayasomwi msibani.

"Afande, nikae nione tu jeneza likifika," Stella akasema chini chini. "Nusu saa."

"Ingia kwenye gari, mwalimu."

Wakaondoka. Mtu alirusha ganda la ndizi, likapiga kioo cha nyuma. Salvina peke yake ndiye aliyebaki amekaa, anaendelea kumenya, hanyanyui kichwa.

Saa sita na dakika arobaini Jackson aliyasoma maelezo akiwa amesimama, kisha akakaa akayasoma tena. Alipiga simu mbili. Halafu akatia saini hati ya kumwachia Hilaria, akaisukuma mezani. Samahani kwake ilikuwa bidhaa adimu.

Hilaria aliletwa ofisini kwa Elisifa akiwa anafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Alirudishiwa mundu wake, simu na rozari, akaweka alama pale alipoonyeshwa. Elisifa akamwambia yote, kuanzia kalamu mpaka mafiga. Hilaria alisikiliza akiwa amesimama. Elisifa alipofika kwenye "basi ipeleke wewe", Hilaria aliketi.

"Kwa hiyo alikuwa anakuja."

"Alikuwa anakuja."

"Na karatasi yangu imechemshiwa maziwa."

"Imeungua, ndiyo."

"Ile ya uongo je? Wataiweka kwenye kitabu?"

"Ni kielelezo cha polisi sasa. Hawawezi. Lakini ile hukumu ya tisini na nane wameshaiandika, mwenyekiti ameniambia kwa simu. Anasema bila karatasi ya kweli kamati haina cha kubadilisha."

Hilaria akaangua kicheko, kikavu, cha kuudhi. "Niliambiwa nina faulo tano bila karatasi. Nikitaka kuwa na nne, naambiwa lete karatasi!"

"Imo humu, mama." Elisifa alilifungua faili. "Humu kuna mtu aliyeiona, akaihesabu, akasaini."

"Nipe nikaitoe nakala. Saa nane wote kumi na mmoja watakuwa pale Uru. Nataka niwasomee kaburini, mmoja mmoja."

"Siwezi. Mpaka kesi isikilizwe."

"Lini?"

"Kesi ya mauaji ni miaka mitatu. Minne."

"Na leo nikienda kuzika, wakiniuliza nimetokaje, nisemeje?"

"Sema upelelezi unaendelea."

Hilaria alimtazama kana kwamba ametukanwa, na kweli alikuwa ametukanwa. Nje gari la mahakama liliwashwa, likaondoka na watu wengine. Akaunyoosha mkono, akauweka juu ya karatasi bila kuivuta, mkono mpana wenye vidole virefu uliojaa makovu ya majani ya ng'ombe.

"Kusoma mwandiko huu siwezi, sina miwani. Nisomee."

Elisifa akasoma. "'Namba tisa alikuwa na faulo nne. Nilihesabu mara tatu.'"

"Tena."

Elisifa akasoma tena, polepole zaidi. Hilaria alikuwa amefumba macho, midomo inafuata maneno.

"Tena, mwanangu."

Akamsomea mara ya tatu. Hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba wakili yeyote anayejua kazi yake ataianza kesi kwa kuiomba mahakama iyatupe maelezo hayo yote.